Mwalimu wa kwaya wa bonde la Kilombero

Wimbo wa Taifa unaoimbwa mstarini katika shule za Ifakara, Mang'ula na Mlimba ulitungwa na mwalimu wa shule. Enoch Sontonga alifundisha katika shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, akaongoza kwaya, na mwaka 1897 akatunga "Nkosi Sikelel' iAfrika". Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 iliuchukua wimbo huo kwa maneno ya Kiswahili. Mwaka 1964 Zambia nayo ikaichukua tuni hiyohiyo, ikaitungia maneno yake. Abiria anayepanda treni ya Tazara Ifakara na kushuka New Kapiri Mposhi anavuka mpaka, lakini tuni ya wimbo wa taifa anaikuta ileile.

Bonde la Kilombero limewahi kuwa na kina Sontonga wake. Ni walimu walioshika chaki siku za wiki na kuongoza kwaya Jumapili, na kazi yao inasikika hadi leo ingawa majina yao hayakuandikwa.

Katekista na kinanda

Habari yao inaanzia milimani Mahenge, ambako Wabenediktini kutoka Ujerumani walifungua misheni ya Kwiro mwaka 1902. Vita Kuu ya Kwanza iliwaondoa Wajerumani, na mwaka 1921 wakaingia Wakapuchini wa Uswisi pamoja na masista wa Baldegg. Shule, zahanati na kanisa vilisimama kwenye kiwanja kimoja.

Katika mfumo huo mtu mmoja alibeba kazi tatu. Mwalimu wa shule ya kijijini ndiye aliyekuwa katekista, na katekista ndiye aliyefundisha nyimbo. Misa ilikuwa ya Kilatini, kwa hiyo watoto wa Wambunga, Wandamba na Wapogoro walikariri Kyrie na Gloria kabla hawajajua maana yake. Palipokuwa na kinanda cha kukanyaga, mwalimu alijifunza kukipiga. Pasipokuwa nacho, alitoa sauti kwa mdomo na wote wakamfuata.

Ubao wenye herufi

Chombo kilichowasaidia sana walimu wa kwaya wa Tanzania ni nota za sol-fa, mfumo uliokuzwa Uingereza katika karne ya 19 na John Curwen na kusambazwa Afrika na misheni za Kiprotestanti. Sontonga mwenyewe aliandika wimbo wake kwa nota hizo. Uzuri wake ni kwamba hauhitaji karatasi ya mistari mitano wala ala ya muziki. Mwalimu anaandika ubaoni d, r, m, f, s, l, t. Nukta mbili zinatenganisha mapigo, na kistari kinaagiza sauti ishikiliwe. Mkwaju mdogo chini ya herufi unaishusha oktava, juu yake unaipandisha.

Mazoezi hufuata utaratibu ambao kila mwanakwaya anaujua. Besi wanafundishwa peke yao, kisha tenor, kisha sauti ya pili, na sauti ya kwanza mwisho, kwa kuwa waimbaji wake wameshaushika wimbo kwa kusikia. Kwanza huimbwa nota tupu, ndipo maneno yanaingizwa. Mwalimu anatoa do, kila kundi linatafuta nota yake, na mkono unainuka.

Ngoma inagonga mlango

Lakini sauti nne za Kizungu zilikuja na katazo. Ngoma za jadi, kama sangula ya Wapogoro, zilibaki nje ya kanisa kwa miaka mingi kwa kuonwa kuwa ni upagani. Aliyeishughulikia hoja hiyo kisomi ni padri Mtanzania, Stephen Mbunga, mtunzi wa "Misa Baba Yetu". Mwaka 1963 kitabu chake kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu kilichapishwa Uswisi, nchi walikotoka Wakapuchini hao. Alipitia nyaraka za Kanisa zenyewe kuupima muziki wa Kibantu kwa vigezo vya nyaraka hizo. Desemba mwaka huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikani ukaagiza kwamba muziki wa mataifa upewe heshima na nafasi katika ibada. Mwaka 1964 Jimbo la Mahenge likaundwa chini ya Askofu Elias Mchonde, na Kilatini kikaanza kukipisha Kiswahili. Mwalimu wa kwaya sasa alitakiwa kutunga, si kukaririsha tu.

Serikali nayo ilimhitaji. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, kwaya za shule ziliimba ujamaa, kilimo na mapokezi ya Mwenge. Sheria ya Elimu ya 1969 ikaziweka shule za madhehebu mikononi mwa serikali. Shule na kanisa vikatengana kisheria, lakini mwalimu wa kwaya hakutenganishika: Ijumaa alifundisha wimbo wa kumpokea mkuu wa wilaya, Jumamosi jioni alifundisha wimbo wa sadaka, na mara nyingi waimbaji walikuwa walewale.

Nani anayatunza madaftari?

Sontonga alifariki mwaka 1905 akiwa na miaka thelathini na kitu. Kaburi lake lilipotafutwa katika miaka ya 1990, ilibainika kwamba daftari la makaburi lilimwandika kwa jina la Enoch, si Sontonga. Mwaka 1996 Rais Nelson Mandela alizindua mnara wa kumbukumbu katika makaburi hayo ya Braamfontein. Mtunzi wa wimbo unaojulikana nusu ya Afrika alikaribia kupotea kwa sababu ya uandikishaji.

Watunzi wa leo wana bahati zaidi, kwani nyimbo zao za Kikatoliki zinawekwa kwenye mtandao wa Swahili Music Notes zikiwa na jina la mtunzi. Waliotunga enzi za stensili hawana kinga hiyo. Jimbo la Ifakara, lililozaliwa mwaka 2012 kutoka Mahenge, bado ni changa, na wazee walioimba Kilatini shuleni wangali na kumbukumbu zao. Kila parokia inaweza kuanza na kazi ndogo: kukusanya madaftari ya nota kabla mchwa na mafuriko ya masika hayajayafikia, na kuandika juu ya kila wimbo jina la aliyeutunga.