Kibati cha Chini ya Boneti: Pikapu na Wanunuzi wake Kigoma

Historia ya pikapu mkoani Kigoma imehifadhiwa mahali ambapo watafiti huwa hawapafikirii: kwenye kibati cha chuma kilichofungwa chini ya boneti ya Toyota. Kibati hicho kinataja modeli, ujazo wa injini, namba ya chesisi, rangi na kiwanda. Wanaokisoma ni mafundi na wauza spea. Herufi za mwanzo za modeli ni za injini, na ya mwisho ni ya ukoo wa gari: LN ni dizeli ya L ndani ya Hilux, KUN ni KD, GUN ni GD, na HZJ ni 1HZ ndani ya Land Cruiser. Anayetaka kujua watu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika walitaka gari la namna gani, na kwa nini, atapata humo ushahidi wa kuaminika kuliko matangazo yote ya wauzaji.

Masimulizi ya usafiri wa Kigoma kwa kawaida huanza na misafara ya Ujiji, yakafika kwenye reli ya 1914 na meli ya Liemba, kisha yakaishia hapo. Gari likitajwa, hutajwa kwa sababu ya mgeni aliyekuwa ndani yake. Julai 1960 mtafiti wa sokwe Jane Goodall, mama yake Vanne na mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt waliingia Kigoma kutoka Nairobi kwa Land Rover iliyosheheni mizigo, wakaukuta mji umejaa Wabelgiji waliokimbia Kongo. Land Rover ilikomea mjini. Gombe walikwenda kwa boti, na hadi leo vijiji vya mwambao huo hutegemea boti za Kibirizi.

Miaka ya Ujamaa haina mengi ya kusema kuhusu wanunuzi. Kuanzia 1974 uagizaji wa magari ulikuwa mikononi mwa State Motor Corporation, na mwananchi wa kawaida hakuwa na la kuchagua. Mlango ulifunguliwa mwaka 1984, serikali ilipowaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Hapo ndipo gari la mtumba kutoka Japani lilipopata njia ya kufika bara.

Hilux yenyewe ilizaliwa Machi 1968 kwenye kiwanda cha Hino huko Hamura: kebini moja, injini ya petroli ya lita 1.5, na bodi nyuma. Karibu na 1980 ilikuwa imepata foo-wili na dizeli. Lakini gari lililojenga jina ni LN106, la kizazi cha tano kilichoanza 1988. Lilikuwa na injini ya 3L, lita 2.8, isiyo na tabo wala kontroboksi. Mbele lilikuwa na ekseli ya kipande kimoja iliyokaa juu ya springi za majani, wakati Toyota ilishaanza kuweka miguu ya mbele inayocheza kila mmoja peke yake kwenye Hilux za masoko mengine. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha jambo. Springi ya majani fundi huiongezea jani moja au mawili, akachomelea fremu ya bomba juu ya bodi, na gari la tani moja likabeba magunia ya dagaa na madumu ya mawese kupita hesabu ya mtengenezaji. Mnunuzi alikuwa ananunua kitu ambacho fundi wa Kasulu au Mwandiga angeweza kukimalizia.

Hapa lazima lijibiwe dai linalorudiwa sana, kwamba mashirika ya wakimbizi ndiyo yaliyowafundisha watu wa Kigoma kuipenda Land Cruiser. Lina ukweli kiasi. Baada ya Warundi kukimbia mwaka 1993, na Wakongo kupokelewa katika kambi ya Nyarugusu kuanzia 1996, magari meupe ya mashirika yalizagaa Kasulu na Kibondo. Mafundi waliyazoea, na yalipochakaa mengine yaliuzwa kwa mnada. Lakini dai hilo linamfanya mnunuzi kuwa mwigaji, na hilo si kweli. Injini ya 1HZ, silinda sita na lita 4.2, ilipendwa kwa sababu zilezile zilizoipa sifa 3L: pampu ya dizeli na nozeli za kawaida, zinazofunguliwa, kusafishwa na kurudishwa bila kompyuta. Hoja nyingine, kwamba pikapu hununuliwa kwa ajili ya ufahari, haihitaji kujadiliwa kwa kirefu. Mwenye kutafuta ufahari hanunui kebini moja.

Mpasuko ulikuja baada ya 2000. Kanuni za moshi wa dizeli zilizoanza Tokyo Oktoba 2003 ziliyasukuma magari mengi ya dizeli nje ya Japani, na wanunuzi wa Afrika Mashariki walifaidika. Mwaka uliofuata, 2004, Toyota ilihamishia Hilux Thailand, Afrika Kusini na Argentina, na ikaacha kuiuza Japani hadi 2017. Chemchemi ya mtumba wa Hilux ikakauka. LN166 na LN167, za mwisho za aina ile, zikawa mali ya kutunzwa, na anayetaka mtumba wa KUN, Hilux mpya, ikabidi aitafute Thailand au Uingereza.

KUN ilikuja na dizeli ya komoni reli, ambayo nozeli zake haziwezi kustahimili mafuta machafu. Ilikuta nchi iliyokuwa na janga la uchakachuaji, dizeli ikichanganywa na mafuta ya taa, hadi bajeti ya 2011/12 ilipopandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuziba faida hiyo. Waliosema gari jipya ni legelege hawakuwa wakaidi. Waliona nozeli zikifa.

Duniani kote pikapu imezidi kuwa gari la familia: kebini imerefuka, bodi imefupika, viti ni vya ngozi. Kigoma dabo kebini ni gari la ofisi, wakandarasi na miradi. Lami ya Mwandiga hadi Manyovu na ile inayoelekea Kasulu imeleta mnunuzi wa tatu, mwenye mzigo mdogo na safari fupi, naye huchukua kirikuu, Suzuki Carry, isiyo na haja ya foo-wili.

Toyota sasa imeiweka 1GD ya lita 2.8, injini ya Hilux, ndani ya Land Cruiser 70, na katika baadhi ya masoko inauzwa pamoja na gia za otomatiki. Ina nguvu zaidi na inakula mafuta kidogo kuliko 1HZ, na kwa anayeishi karibu na karakana yenye vifaa ni ununuzi mzuri. Kwa anayepeleka mizigo kusini ya Uvinza, ambako gari likifa njiani hutengenezwa palepale lilipofia, HZJ79 bado ndiyo inayoulizwa kwanza.