Shingo Inayouma Baada ya Mafua: Mlangali na Bern

Mlangali, katika milima ya Ludewa, ni baridi. Juni na Julai ukungu hukaa hadi jua lipande, watu huota moto jikoni wamebanana, na mafua yakimpata mmoja nyumba nzima inakohoa. Dawa ya kwanza ni kujifukiza: majani ya mkaratusi kwenye sufuria, blanketi kichwani, mvuke mpaka jasho litoke. Wengi hupona, mambo yakaisha.

Wachache hawaishii hapo. Wiki mbili hadi nane baada ya mafua, shingo huanza kuuma kwa mbele, chini kidogo ya kongomeo. Kuigusa tu ni taabu. Maumivu hupanda tayani hadi sikioni, homa hurudi, moyo huenda mbio, mikono hutetemeka. Wanawake wa umri wa kati ndio hupatwa zaidi.

Nani atasema ni nini? Sehemu nyingi za nchi yetu, koo lisilopona husemwa ni kimeo, na fundi huitwa akikate. Dirishani kwa muuza dawa jibu ni tonsesi, na mgonjwa huondoka na antibayotiki zisizogusa kirusi. Moyo ukienda mbio, wengine husema ni presha. Na katika milima hii ya Ludewa, Makete na Njombe, shingo iliyovimba ina jina lake la siku zote: rovu.

Jina hilo lina historia nzito. Mvua za karne nyingi zimeosha madini joto kwenye udongo wa milimani, mazao yakayakosa, na tezi dundumio ya shingoni ikakua ikijaribu kuyanasa. Katika miaka ya 1980 na 1990 serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto, kisha ikaagiza yatiwe kwenye chumvi. Wachina walikuwa na njia yao ya kutibu rovu tangu zamani: Ge Hong, aliyeishi kati ya karne ya tatu na ya nne, aliagiza mwani uliolowekwa kwenye pombe. Uajemi, katika karne ya 12, Ismail Jurjani aliona kwamba rovu na mapigo ya moyo ya kasi vinaweza kwenda pamoja. Wote hao walikuwa wakisoma uvimbe wa shingo. Lakini maumivu yanayofuata mafua ni habari nyingine, na aliyeyaeleza vizuri alitoka katika nchi ya rovu kama hii.

Milima ya Alps ya Uswisi ilijaa marovu. Mjini Bern, Theodor Kocher aliyapasua kwa maelfu, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1909. Fritz de Quervain, aliyerithi kiti chake mwaka 1918, alikuwa ameandika mwaka 1904 kuhusu tezi inayovimba kwa maumivu na baadaye kupoa yenyewe. Ugonjwa huo hadi leo unaitwa kwa jina lake. Mwaka 1922 Uswisi ilianza kutia madini joto kwenye chumvi, naye alikuwa miongoni mwa waliolisukuma jambo hilo. Naamini alilitofautisha gonjwa hili kwa sababu rovu alilijua mno. Rovu huja polepole, kwa miaka, wala haliumi. Hili huja kwa siku chache, na linauma. Bibi wa Mlangali aliyeona marovu maisha yake yote ana kipimo hichohicho mkononi. Kinachokosekana ni mtu wa kumuuliza mgonjwa lilianza lini, na kama aliugua mafua kabla.

Kinachotokea ndani ni hiki. Tezi huhifadhi homoni ya wiki kadhaa katika vifuko vidogo. Uvimbe unaofuata kirusi huvipasua, na homoni humwagika kwenye damu kwa mkupuo. Ndiyo maana moyo hukimbia. Tezi haitengenezi zaidi, kwa hiyo dawa za kuizuia kutengeneza hazisaidii. Akiba ikiisha, mgonjwa huchoka na kuhisi baridi kuliko wenzake, kisha tezi hujijenga upya. Mei 2020 madaktari wa Pisa, Italia, waliripoti hali hii kwa binti wa miaka 18 aliyekuwa ametoka kuugua korona.

Kuna kipimo kimoja cha bei ndogo ambacho nakisisitiza: ESR. Damu huwekwa kwenye mrija mwembamba uliosimamishwa wima, ikaachwa saa moja. Chembe nyekundu huzama taratibu na kuacha majimaji ya manjano juu. Kwa mtu mzima mwenye afya hushuka milimita chache, pengine 20; katika ugonjwa huu mara nyingi hupita 50, hata kukaribia 100. Hakimalizi shauri, kwani kifua kikuu nacho hukipandisha, lakini pamoja na shingo inayouma na mafua ya juzi kinasema mengi.

Tiba yenyewe ni dawa za kutuliza uvimbe, na prednisoloni maumivu yakizidi, kwa maelekezo ya daktari. Wengi hupona ndani ya miezi kadhaa. Wachache tezi yao hubaki dhaifu na huhitaji kidonge cha homoni kila siku. Hao hujulikana kwa kupima homoni tu, na kutoka Mlangali kipimo hicho huenda kikawa safari ya Njombe mjini au mbali zaidi, wakati shingo imeshaacha kuuma na nauli inatafutiwa kazi nyingine.