Seli za lithiamu za mtumba: joto lipi ni la kawaida na lipi la kukataa

Seli za lithiamu zinazochomolewa kwenye betri kuukuu za kompyuta za mkononi, pawabenki na pikipiki za umeme zina soko kwa sababu moja kubwa: bei yake ni ndogo kuliko ya seli mpya. Vijijini Burundi, kama vile Makebuko mkoani Gitega, ambako nyumba nyingi hazina umeme wa gridi, seli hizo hufaa kwa taa za sola, matochi, redio na kuchajia simu.

Tatizo la bidhaa hii ni kwamba seli nzima na seli mbovu zinaweza kufanana kwa macho, na hata kwa volti. Kinachozitenganisha mara nyingi ni joto wakati wa kupimwa. Hata hapo wapimaji wengi husoma namba ya kipimajoto bila kujiuliza imetokea katika hatua gani ya kuchaji, na katika chumba chenye joto kiasi gani. Matokeo yake, seli nzuri hutupwa na seli ya hatari hupakiwa kwenye mzigo.

Kwa mfanyabiashara hilo ni suala la hesabu kwanza. Mzigo wa seli 1,000 ukikataliwa seli 300, kila seli nzima iliyobaki imemgharimu asilimia 43 zaidi ya bei aliyolipa. Kwa msafirishaji suala ni zito zaidi, maana seli moja ikiwaka ndani ya boksi huwasha jirani zake.

Joto linatoka wapi

Seli inayojulikana zaidi ni ya silinda iitwayo 18650. Namba hiyo ni vipimo vyake: upana milimita 18, urefu milimita 65. Kampuni ya Sony ya Japani ndiyo iliyoanza kuuza betri za lithiamu za kuchajiwa mwaka 1991. Seli ya kawaida ya aina hii hujaa ikifika volti 4.2, na hata zilizo bora huwa na ujazo wa karibu miliampea-saa 3,500. Ganda lililoandikwa 9,900 ni la uongo, na hakuna haja ya kulipima.

Kila seli ina ukinzani wa ndani, na mkondo unapopita hugeuza sehemu ya umeme kuwa joto. Chukua seli nzima yenye ukinzani wa miliomu 80, ichajiwe kwa ampea 1. Joto linalozalishwa ni wati 0.08 tu. Katika hewa tulivu, kila wati 0.1 hupandisha joto la seli ya ukubwa huu kwa takriban nyuzi 2 hadi 3. Kwa hiyo seli hiyo itakuwa na joto la nyuzi 2 hivi juu ya joto la chumba, na mkono hautahisi chochote.

Seli iliyochoka yenye miliomu 300 itazalisha wati 0.3, yaani nyuzi 7 au 8 juu ya chumba. Hiyo ni dhaifu lakini si lazima iwe ya hatari. Inaweza kuuzwa kwa taa ndogo yenye matumizi hafifu, mradi mnunuzi aambiwe ukweli.

Seli ya kuogopa ni nyingine. Ni ile yenye mvujo wa umeme ndani, pale ambapo pande mbili zimeanza kugusana kupitia tundu dogo au chembe ya metali. Mwaka 2006 kampuni ya Dell ilirudisha betri milioni 4.1 za kompyuta za mkononi zenye seli za Sony, na chembe za metali ndani ya seli ndizo zilizotajwa kuwa chanzo. Kama chembe ziliweza kupenya kwenye seli mpya za kiwanda kikubwa, seli iliyodondoshwa na kukaa miaka kadhaa bila chaji haiwezi kupewa dhamana kwa kuitazama tu.

Mwisho wa chaji ndipo ukweli unapoonekana

Chaja nzuri ikifikisha seli volti 4.2 huishikilia hapo, na mkondo hupungua wenyewe kidogo kidogo hadi karibu na sifuri. Mkondo ukipungua, joto nalo hushuka. Seli nzima hurudi kwenye joto la chumba kabla chaja haijazima.

Seli yenye mvujo haifanyi hivyo. Mkondo hukwama, tuseme kwenye ampea 0.1, kwa sababu umeme unaoingia hauhifadhiwi tena. Ampea 0.1 kwa volti 4.2 ni wati 0.42, na zote zinageuka joto. Hizo ni nyuzi 10 hivi juu ya chumba, kwa mkondo ambao ni sehemu moja tu ya kumi ya ule ulioanza nao. Seli iliyokuwa baridi kwa ampea 1 na sasa ina moto kwa ampea 0.1 ikataliwe, hata kama ujazo wake unaonekana mzuri.

Wenye chaja ndogo za bodi moja, zinazotumia chipu ya TP4056, wana alama rahisi ya kuangalia. Chipu hiyo hukata chaji mkondo ukishuka hadi sehemu moja ya kumi ya ule iliopangiwa. Taa ikibaki ya rangi ya kuchaji saa nyingi baada ya seli nyingine za ujazo huohuo kumaliza, na ganda lina joto, hakuna sababu ya kuendelea kusubiri.

Wakati wa kumwaga chaji hali ni kinyume. Ukinzani wa seli huongezeka inapokaribia kuisha, hivyo ni kawaida seli kupata joto dakika za mwisho. Joto la mwisho wa kumwaga lisiwe sababu ya kutupa seli peke yake, ila tu likipita kiasi.

Kuna pia seli ambazo hazipaswi kufika kwenye chaja kabisa. Iliyobonyea, yenye kutu kwenye kichwa, yenye unyevu au harufu kali tamu kama ya kiondoa rangi ya kucha, iwekwe kando. Iliyoshuka chini ya volti 2 nayo vilevile, kwani shaba iliyo ndani huanza kuyeyuka na inapochajiwa tena hujenga njia za mgusano. Wapo mafundi wanaojisifu kwa "kufufua" seli za namna hiyo. Seli hizo hukubali chaji, tena vizuri, na hapo ndipo zinapomdanganya mnunuzi.

Aina ya fosfeti ya chuma, ambayo hupatikana kwenye baadhi ya betri za pikipiki na za sola, hujaa kwenye volti 3.65 tu. Ikiwekwa kwenye chaja ya 4.2 hupata joto kwa kuwa inajazwa kupita kiasi. Kosa hapo ni la mpimaji.

Nyuzi 45 za Makebuko na nyuzi 45 za Bujumbura

Watengenezaji wengi huweka nyuzi 45 kuwa kikomo cha kuchaji na 60 kuwa kikomo cha kumwaga chaji. Mafundi wengi wameichukua 45 kama mstari wa kukataa seli. Lakini mstari mmoja kwa nchi nzima hauleti haki.

Makebuko iko kwenye nyanda za juu za kati za Burundi, na asubuhi chumba kinaweza kuwa na nyuzi 18. Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika, mchana unaweza kuwa na nyuzi 30. Seli iliyofika nyuzi 43 asubuhi Makebuko imepita chini ya mstari wa 45, lakini imepanda nyuzi 25 juu ya chumba. Seli hiyohiyo ikipelekwa Bujumbura na kuchajiwa vilevile itafika nyuzi 55. Iliyofika 43 Bujumbura imepanda nyuzi 13 tu.

Kwa hiyo kinachoandikwa kwenye daftari kiwe ni tofauti kati ya seli na chumba, pamoja na mkondo uliotumika. Kwa chaji ya ampea 0.5 hadi 1, seli nzima ya 18650 iliyo peke yake hewani hupanda nyuzi chache. Ikipanda zaidi ya 10 ipimwe tena, na ikirudia ikataliwe. Ikifika 45 itolewe kwenye chaja popote ilipo, bila kujali chumba kina joto gani. Ikifika 60 hiyo si kazi ya vipimo tena. Umeme ukatwe kwenye soketi na seli ipelekwe nje kwa koleo, mbali na nyingine.

Sababu ya tahadhari hiyo ni kwamba kuanzia karibu nyuzi 90 utando unaofunika upande hasi wa seli huanza kuvunjika na kutoa joto lake lenyewe. Kwenye nyuzi 130 hivi plastiki inayotenganisha pande mbili huyeyuka. Baada ya hapo kuchomoa chaja hakusaidii. Moto wa seli hizi hupozwa kwa maji mengi, na moshi wake ni sumu.

Kipimajoto nacho kina makosa yake

Vipimajoto vya bastola vilienea wakati wa UVIKO-19 mwaka 2020, na vingi vimebaki madukani na mezani kwa mafundi. Vile vya kupima paji la uso, vikiwa kwenye hali ya kupima mwili, havionyeshi zaidi ya nyuzi 42 au 43, na havikutengenezwa kwa ajili ya vitu. Hata vile vya kiwandani hudanganywa na metali inayong'aa: sehemu ya chini ya seli isiyo na ganda husomeka baridi kuliko ilivyo. Kipande cha tepu nyeusi ya umeme kikibandikwa pale panapopimwa, kosa hilo huondoka kwa sehemu kubwa.

Kosa la pili liko kwenye chaja. Bodi ya TP4056 inayopokea volti 5 na kuchaji seli ya volti 3.5 kwa ampea 1 hutupa wati 1.5 kama joto, mara kadhaa ya joto la seli yenyewe. Seli iliyolala juu ya bodi hiyo itaonekana mbovu bila kosa lake. Chaja za nafasi nne nazo, zinapomwaga chaji, huchoma umeme kwenye vizuizi vilivyo chini ya seli, na zile za katikati hupata joto la majirani. Dawa yake ni kuihamisha seli kwenye nafasi nyingine na kurudia. Joto likiifuata seli, kosa ni la seli. Likibaki kwenye nafasi, kosa ni la chaja.

Seli zilizofaulu zipumzike wiki mbili zikiwa zimejaa, kisha volti ipimwe tena. Iliyoshuka kuliko wenzake ina mvujo mdogo ambao joto halikuuonyesha. Wanunuzi wenye haraka huliruka zoezi hili, ingawa halihitaji chombo chochote zaidi ya mita na kalenda.

Barabarani hadi Kobero

Mzigo unaotoka Dar es Salaam kwa Ukanda wa Kati hupita Dodoma, Singida, Kahama na Ngara kabla ya kuvuka Kabanga na Kobero, kisha Muyinga na Karuzi hadi Gitega. Ndani ya kontena lililosimama juani joto linaweza kupita nyuzi 50. Kwa hiyo seli hazipaswi kusafirishwa zikiwa zimejaa. Kwa ndege, sheria za kimataifa tangu Aprili 2016 zinataka seli zinazosafirishwa peke yake zisizidi asilimia 30 ya chaji, na zimepigwa marufuku kama shehena katika ndege za abiria. Kwa lori, kuiga kiwango hicho ni busara. Kwa seli za volti 4.2 ni karibu volti 3.6. Kila ncha ifunikwe, zisiguse metali.

Seli hizi ni bidhaa hatari za daraja la 9, namba UN 3480, na aina yake hutakiwa kuwa imefaulu majaribio ya UN 38.3. Hati hiyo hueleza seli ilivyokuwa mpya. Haisemi lolote kuhusu seli iliyotumika miaka mitano, na haihamii kwenye pakiti mpya iliyoungwa na fundi. Seli iliyoharibika au yenye dalili za kupata joto ina masharti yake magumu zaidi, na kwa ndege haipokelewi kabisa.

Athari za kuficha zinajulikana. Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS aina ya Boeing 747 ilianguka Dubai na kuua marubani wake wawili, baada ya moto kuzuka kwenye shehena iliyokuwa na betri za lithiamu. Uchunguzi ulionyesha kuwa baadhi ya betri hizo hazikutangazwa kama bidhaa hatari ingawa zilipaswa.

Seli zilizokataliwa nazo zinahitaji njia ya kutoka. Tangu Januari 1, 2025, marekebisho ya Mkataba wa Basel yanataka taka zote za vifaa vya umeme, za hatari na zisizo za hatari, zivuke mpaka kwa idhini ya awali ya nchi inayopokea, na Burundi ni mwanachama wa mkataba huo. Kituo kikubwa cha taka za umeme kilicho karibu, cha Enviroserve, kipo Bugesera nchini Rwanda, lakini Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda Januari 2024. WEEE Centre ipo Nairobi, mbali zaidi. Kwa muuzaji wa Makebuko, hali hiyo inamaanisha kwamba kila seli mbovu anayoinunua huenda akakaa nayo muda mrefu: imwagwe chaji, ifungwe tepu kwenye ncha, iwekwe kwenye ndoo ya metali yenye mchanga mkavu, nje ya nyumba ya kulala. Ni gharama ambayo inafaa kuingizwa kwenye bei pale mzigo unapopimwa, kabla fedha hazijabadilisha mikono.