Uso wa Mwanamke, Kifua cha Mwanamume

Ukihudhuria mafunzo ya huduma ya kwanza, huenda ukaikuta sanamu ya plastiki imelazwa sakafuni. Jina lake ni Anne. Aliyeibuni ni Asmund Laerdal wa mji wa Stavanger, Norway, mtengenezaji wa wanasesere na vigari vya watoto. Aliitoa mwaka 1960 ili watu wajifunze kumpulizia pumzi mtu aliyezimia na kumkandamiza kifua moyo unaposimama. Sura aliichukua kwenye kinyago cha msichana asiyejulikana, ambaye inasimuliwa kuwa aliopolewa mto Seine, Paris, katika karne ya 19. Laerdal alihofu kwamba wanaume wangeona haya kuweka mdomo juu ya mdomo wa mwanamume, ingawa ni wa plastiki.

Basi uso ukawa wa mwanamke. Na kifua? Bapa, kama cha mwanamume.

Tusicheke upesi. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2018 uliangalia watu walioanguka hadharani baada ya moyo kusimama. Kati ya kila wanaume 100, walioshughulikiwa na wapita njia walikuwa 45. Wanawake ni 39. Wapo waliokiri kuwa huogopa kumgusa mwanamke kifuani, wasije wakadhaniwa vibaya.

Hao ni wapita njia. Lakini utafiti mwingine wa huko huko, wa mwaka huo huo, uliwatazama wahudumu wa magari ya wagonjwa, watu waliosomea kazi. Mwanamke aliyelalamika maumivu ya kifua alipewa asprini mara chache kuliko mwanamume, na gari lake halikuwashiwa king'ora mara nyingi kama la mwanamume. Pengo si kubwa kwa hesabu, ila kwa mwenye moyo unaokufa kila dakika ni mali.

Chanzo ni picha tuliyo nayo vichwani: mgonjwa wa moyo ni mzee wa kiume aliyejishika kifua. Ni kweli maumivu ya kifua huwapata wote, lakini wanawake mara nyingi zaidi huongezewa maumivu ya taya au mgongo, kichefuchefu na uchovu, wakaambiwa ni wasiwasi tu. Mwaka 1991 Dkt. Bernadine Healy, mwanamke wa kwanza kuongoza Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, aliandika kwamba mwanamke hana budi kwanza athibitishe kuwa anaumwa kama mwanamume ndipo atibiwe kama yeye. Alisema hayo katika jarida la madaktari wenzake, si barazani.

Siku hizi zipo fulana za kumvisha Anne ili awe na matiti. Nasi, ambao wagonjwa wetu wengi hufika hospitali kwa teksi au bajaji, tuna haja kubwa zaidi ya mpita njia anayejua. Mikono huwekwa pale pale, katikati ya kifua juu ya mfupa, awe mwanamke awe mwanamume.