Pochi za ngozi zilizowatuliza majeruhi wa vita

Leo kushona pochi ya ngozi ni hobi tu, ya kupitishia wikiendi. Lakini wakati wa Vita Kuu ya Pili, kwenye hospitali za jeshi la Marekani, ilikuwa tiba kabisa. Majeruhi walipewa vipande vya ngozi, wakawa wanapitisha kamba tundu kwa tundu mpaka pochi au mkanda unakamilika. Vidole vikapata mazoezi, na kichwa kikapumzika kidogo na mambo ya vita.

Ofisa mmoja wa jeshi la majini aliyekuwa Hawaii akaliona hilo, akamwandikia baba yake, muuza ngozi za viatu kule Texas: hapa kuna biashara! Vita vilipoisha, hobi ya majeruhi ikaingia majumbani.

Wale walianza na pochi. Wewe mdau ungeanza na nini?