Zizi, Rundo na Minyoo: Njia Tatu za Kuulisha Udongo wa Tororo

Mkulima wa Tororo akiona maua ya zambarau ya kayongo katikati ya mtama wake, anajua shamba limechoka. Gugu hili, ambalo Watanzania huliita kiduha, hunyonya mizizi ya nafaka na hustawi penye udongo hafifu. Mmea mmoja hutoa mbegu kwa makumi ya maelfu, nazo huweza kulala ardhini zaidi ya miaka 10. Kwa hiyo mbinu yoyote ya kurutubisha shamba kutoka hapa hadi Busia, pande zote mbili za mpaka wa Uganda na Kenya, naipima kwa maswali mawili: inamtaka mkulima awe na nini, na inaifanya nini mbegu ya kayongo?

Njia ya jadi iliegemea ng'ombe. Zizi likihamishwa, mahali lilipokuwa palipandwa, na wimbi likashamiri bila mtu kubeba hata kikapu kimoja cha samadi. Ilihitaji mifugo mingi na ardhi ya kuhamia. Lakini ng'ombe wengi wa eneo la Teso waliporwa miaka ya 1980, na mashamba yanazidi kugawanywa kwa warithi. Wakara wa kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, walibanwa na uhaba wa ardhi mapema zaidi, tangu kabla ya ukoloni. Wao walimfunga ng'ombe ndani ya nyumba, wakamkatia majani, kisha wakaipeleka samadi shambani kwa mabega yao. Waliokoa ardhi, wakalipa kwa jasho.

Rundo la mboji lilipata sura yake ya kisasa huko Indore, India, ambako Mwingereza Albert Howard alifanya utafiti kati ya 1924 na 1931, akijifunza kwa wakulima wa India na kwa mbinu za kilimo za China. Mabaki ya mimea, samadi, udongo na majivu hupangwa kwa tabaka, hunyunyiziwa maji, hupinduliwa, na baada ya miezi 3 hivi mboji huwa tayari. Ng'ombe wachache wanatosha. Rundo lililopangwa vizuri hupita nyuzi 55 za joto, na mbegu nyingi za magugu hufa humo. Gharama yake ni majani mengi, maji, na mikono ya kulipindua.

Njia ya tatu huwaachia minyoo kazi hiyo. Mwaka 1881 Charles Darwin alichapisha kitabu kizima kuonyesha jinsi minyoo wanavyoujenga udongo wa juu. Wanaofugwa ni wale wekundu wapendao vitu vinavyooza. Huwekwa kivulini, kwenye sanduku lenye matundu, juu ya mgomba uliokatwakatwa na samadi iliyopoa, wakalishwa maganda ya matoke na mabaki ya mboga. Hufunikwa wasiliwe na kuku wala kuvamiwa na siafu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere waliijaribu njia hii kwa samadi ya mifugo ya Kampala. Mama mwenye kiwanja kidogo nyuma ya nyumba anaimudu, hata kama hana ng'ombe.

Hata hivyo, minyoo hawastahimili joto, na ndiyo maana sanduku lao haliwezi kuchukua nafasi ya rundo. Mbegu ya gugu ikiingia humo huweza kutoka ikiwa hai. Mabua yaliyotoka penye kayongo, pamoja na samadi ya ng'ombe aliyelishwa majani ya shamba hilo, yapite kwenye rundo la moto kwanza. Mabaki ya jikoni yaende kwa minyoo, na mboji yao laini iwekwe kwenye miche ya nyanya na sukuma wiki.

Mbinu zote hizi hurudisha tu kilichobaki nyumbani. Mahindi na karanga zinazouzwa kwa magunia kwenye masoko ya mpakani ya Malaba na Busia huondoka na rutuba ya shamba, na maganda yake huishia jalalani mjini. Taka hizo za soko zikitenganishwa na plastiki na kuozeshwa, ni haki ya mashamba zilikotoka. Halmashauri za pande zote mbili za mpaka zina wajibu wa kuzirudisha.