Sheria ya bangi, Kiembeni na ukanda wa maili kumi

Kiembeni ni mtaa wa Kisauni, bara ya kaskazini ya Mombasa. Ardhi yake imo ndani ya ule ukanda wa maili kumi ambao Uingereza iliukodi kutoka kwa Sultani wa Zanzibar mwaka 1895, kwa pauni 11,000 kila mwaka. Bara ya Kenya ilipofanywa koloni mwaka 1920, ukanda ulibaki protektareti: bendera ya Sultani juu ya Fort Jesus, amri kutoka Nairobi na London.

Bangi ni mgeni wa kale hapa. Hata jina lake ni la Kihindi na Kiajemi. Marufuku ndiyo mapya. Mwaka 1914 serikali ya kikoloni iliiingiza kwenye sheria ya kasumba. Ajabu ni kwamba Waingereza hao hao waliunda tume India mwaka 1893, nayo ikapendekeza bangi isipigwe marufuku kabisa. Ushauri huo haukuvuka bahari. Mkataba wa Geneva wa 1925, kwa shinikizo la Misri, ukaikaza kamba.

Tarehe 8 Oktoba 1963 Waziri Mkuu wa Kenya, Kenyatta, na mwenzake wa Zanzibar, Shamte, walikubaliana ukanda uingie Kenya. Wakoloni wakaenda zao, sheria ikasalia, na Bunge likaizidishia makali. Sheria ya 1994 ilileta kifungo cha maisha kwa mlanguzi na miaka 10 kwa aliyekutwa na bangi ya kuvuta mwenyewe. Marekebisho ya 2022 yameishusha hiyo adhabu ya pili hadi miaka 5 au faini isiyozidi shilingi 100,000, pesa ambazo muuza mahamri hazioni kwa pamoja. Mswada wa 2018 wa Ken Okoth, aliyekuwa mbunge wa Kibra, wa kuihalalisha bangi haukupita. George Wajackoyah aliinadi bangi kwenye kampeni ya urais ya 2022, akapata kura 61,969.

Kule Bermuda, ambayo bado iko chini ya Uingereza, mambo ni kinyume. Mwaka huo huo wa 2022 bunge lake lilipitisha mswada wa leseni za bangi. Gavana Rena Lalgie, kwa agizo la London, akakataa kuuidhinisha. Wabermuda angalau wana gavana wa kumlaumu.

Kesi za Kiembeni husikizwa Shanzu, si mbali na gereza la Shimo la Tewa. Hata kwa msokoto mmoja, mshtakiwa anayekana hungoja ripoti ya Mkemia wa Serikali ithibitishe kwamba majani yale ni bangi.